Darasa la nne kwa masista: Upimaji na Komunyo ya Kwanza mwaka mmoja, mliopitia naomba ushauri

mama_wa_segerea

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa waliopitia hili maana hapa ndani wiki ya pili sasa hatuelewani.

Mwanangu wa kwanza, wa kike, ana miaka tisa na nusu, mwaka huu kaingia darasa la nne shule ya masista, Inglishi midiamu. Tulimhamishia pale akiwa la tatu katikati kwahiyo huu ndo mwaka wake wa kwanza kamili. Sasa la nne mnalijua, Oktoba kuna upimaji wa taifa. Wiki iliyopita tumeitwa kikao tukaambiwa la nne watakuwa wanabaki shule mpaka saa kumi na nusu na Jumamosi wanaenda nusu siku. Wakati huo huo parokiani yuko mafundisho ya Komunyo mwaka wa pili, Jumamosi saa nane mchana na Jumapili baada ya misa ya watoto, na katekista kashasema asiyeonekana mara tatu bila taarifa anarudishwa mwaka wa kwanza.

Baba yake anataka Komunyo isogezwe mwakani mtoto apumue. Yeye ni Mlutheri, ndoa tulifunga Katoliki na hajawahi kunikataza kitu, ila anasema kwao Kipaimara mtoto anafanya akiwa mkubwa anaelewa, sasa haraka ya nini kwa mtoto wa miaka tisa ambaye anaamka saa kumi na moja kasoro kusubiri skul basi. Na kwakweli akisema hivyo nakosa jibu maana mtoto anasinzia mezani na kijiko mkononi.

Kuna na hili linaloniuma zaidi. Shuleni wanasali kwa Kiingereza. Jumuiya ilivyokuja kwetu mwezi huu mwenyekiti akasema basi mtoto wa nyumba atuongoze Salamu Maria, akaanza vizuri "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe" halafu akakwama, Kiswahili kimeisha. Akalia mbele ya watu. Mpaka leo nikitaja jumuiya anasema kichwa kinauma.

Naombeni mnieleze mwaka mzima unakuwaje, wapi panabana na wapi mtoto anapumua. Na kama kuna mtu alisogeza, je alijuta?

kijana_wa_kimara

Dada mimi nipo upande wa shemeji. Upimaji una tarehe yake na ukipita umepita, Komunyo hata akiwa la sita atapokea. Mdogo wangu alichanganya vyote akaishia kuumwa Agosti nzima, kila siku kichwa mara tumbo, hospitali wanapima hawaoni kitu. Mtoto hasemi amechoka, mwili ndo unasema.

wa_kinyerezi

Mama wa Segerea pole sana na hicho kilio cha jumuiya, nimekisoma nikamkumbuka wangu. Mimi nimetoka huko mwaka jana tu, 2025, kijana wangu alikuwa la nne kwa masista, Komunyo na upimaji vyote. Ngoja nikusimulie, itakuwa ndefu univumilie.

Januari na Februari hamna kitu cha kutisha, ni kununua kaunta buku na kulipa ada. Kuna kitabu kipya cha Historia ya Tanzania na Maadili ambacho sisi hatukusoma, kipitie na wewe, mimi nilikipenda. Kinachochosha kipindi hicho ni usafiri tu.

Kwaresima ndo nilianza kuona shule hii inaendeshwa na kalenda mbili. Jumatano ya Majivu wakapakwa majivu, kuanzia hapo kila Ijumaa Njia ya Msalaba, vituo 14, na darasa la nne ndo walipewa kusoma vituo. Wangu alipewa kituo cha tano, Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba. Mstari mmoja ule tumeusoma hapa nyumbani kwa Kiingereza wiki nzima mpaka dada wa kazi akaukariri. Mtoto huyu mwaka jana yake mwalimu alikuwa analalamika anasoma kwa kunong'ona! Nikawa namsikiliza, kumbe akijua kuna watu mia tatu watamsikiliza anasoma kwa sauti bila kulazimishwa. Kingine kila darasa lilikuwa na boksi la majitoleo, sabuni, sukari, unga wa uji, mwishoni wakapeleka kwa watoto yatima pale Msimbazi. Alirudi kimya siku hiyo. Usiku akaniuliza wale watoto wadogo nani anawaogesha.

Halafu likaja lile la Baba Mtakatifu. Papa Fransisko alifariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, na walipokaa darasani wiki zile Sista anayewafundisha Hisabati akalichukua hilo hilo. Makardinali wanaoingia kupiga kura ni 133, anayeshinda lazima apate theluthi mbili, haya tafuteni. Walikuwa ndo wanafundishwa sehemu. 133 gawa kwa 3 haigawanyiki ikaisha, ukizidisha mara 2 inakuja 88 na kitu, darasa zima wakagombana kama ni 88 au 89, mmoja akasema kardinali hakatwi vipande kwahiyo ni 89. Na ndo jibu. Mwanangu aliingia mlangoni anapiga kelele themanini na tisa mama themanini na tisa. Walikuwa wanamwombea kardinali wetu Rugambwa wa Tabora maana naye alikuwa ndani, Sista akawaambia na habari za yule Rugambwa mwingine, Laurean, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali nyakati hizi, mwaka 1960, ambaye baadae akawa askofu mkuu wetu hapa Dar. Moshi mweupe ulivyotoka tarehe 8 Mei ilikuwa saa moja na kitu usiku, tupo sebuleni, akakimbilia atlasi yake kutafuta Peru kwasababu walisema Papa Leo amefanya kazi huko miaka mingi. Mimi sijawahi kumfundisha mtoto wangu Peru iko wapi. Na zile sehemu hajazisahau mpaka leo.

Mei ni mvua na foleni na rozari. Anti wa basi lao alikuwa akiona wamesimama pale Buguruni hawaendi mbele hawarudi nyuma anaanzisha rozari, kila mtoto anaongoza Salamu Maria kumi. Sasa sikiliza, hapo ndo Kiswahili cha sala kilipoingia, kwasababu yule anti sala zake zote ni za Kiswahili! Shuleni Kiingereza, kwenye basi Kiswahili. Kama basi lenu halina anti wa hivyo fanya wewe, usiku taa zikizimwa, mstari mmoja kwa siku. Sio mbele ya watu.

Komunyo yao ilikuwa 22 Juni, Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, shule zimefungwa. Hili mwambie shemeji: sikukuu hii inaangukia mwisho wa Mei au Juni, upimaji ni Oktoba. Ukitoa ile wiki ya maungamo na mazoezi ya kuimba na kushika mshumaa hakuna kilichogongana. Mwezi wote wa likizo alilala mpaka saa mbili asubuhi.

Na palipogongana nakiri ni sisi wenyewe. Julai matokeo ya muhula yalitoka Hisabati ana 61, baba yake akaingiwa na hofu tukamtafutia tuisheni ya jioni mara nne kwa wiki, juu ya zile za shuleni. Anarudi saa kumi na mbili, anakula, mwalimu anabisha hodi. Wiki ya tatu akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka kumi. Sista mwalimu wa darasa ndo alinipigia simu akaniuliza mama kuna kitu kimebadilika nyumbani? Nikamweleza. Hakunigombeza, akasema tu, mama mwalimu wa jioni aache kuja. Tukamwachisha siku hiyo hiyo. Namba zikabaki vile vile na kitanda kikakauka. Kwahiyo nikisikia huyu mdogo wake kaka wa Kimara aliumwa Agosti nauliza na yeye alikuwa na tuisheni ngapi.

Agosti walikwenda Bagamoyo na hapa niache niseme kidogo zaidi maana ile safari imekaa nyumbani kwetu mpaka leo. Waliona msalaba wa 1868 wamisionari walipofika, mbuyu uliomeza mnyororo, na mnara wa lile kanisa la zamani ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 baada ya akina Susi na Chuma kuubeba toka huko ndani ambako sahivi ni Zambia. Wakaambiwa mapadre walikuwa wananunua watumwa, wengi wao watoto, ili wawe huru. Mwanangu akanyoosha mkono akauliza, kama walitaka wawe huru kwanini walinunua, si ndo kumpa pesa muuzaji akalete wengine? Na wale watoto baada ya kununuliwa walienda wapi? Sista angeweza kumnyamazisha. Hakumnyamazisha. Aliwaambia ukweli kwamba hilo swali hata mapadre wa wakati ule liliwasumbua, kwamba watoto wale walikaa misheni, wakasoma, ila pia walilima mashamba ya misheni na hawakuwa na pa kurudi maana kwao hawapajui tena. Akawaambia waende waandike wanafikiri nini. Ana kurasa mbili na nusu kwenye daftari kwa Kiingereza cha kuungaunga, nimezihifadhi kwenye faili moja na cheti cha kuzaliwa.

Septemba Oktoba ni majaribio tu kila Ijumaa, hakuna cha kusimulia. Upimaji ukapita, matokeo yametoka mwezi huu, ana A mbili, B zilizobaki, na Hisabati ni mojawapo ya hizo A. Sisemi ni kwasababu ya Komunyo. Nasema haikumzuia.

ticha_wa_la_nne

Naomba niongezee kama mtu ninayefundisha darasa hilo hilo, sio kwa masista ila nilishapita shule ya jimbo miaka mitatu.

Kwanza kuhusu upimaji wenyewe, sio mchezo lakini pia sio mwisho wa dunia. Anapata daraja A mpaka E kwa kila somo, akishindwa anarudia la nne. Pepa za Inglishi midiamu zinatungwa kwa Kiingereza isipokuwa la Kiswahili na la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwahiyo mtoto aliyehamia katikati ya la tatu kama wako mama, swali langu la kwanza halihusu Komunyo, ni je akisoma swali la Hisabati la maneno anaelewa kinachoulizwa? Nimeona watoto wanaojua kuzidisha vizuri kabisa ila "altogether" inawaangusha. Mkalishe leo jioni, mpe swali moja la maneno akuelezee kwa Kiswahili linataka nini. Akiweza una amani. Akishindwa hapo ndo pa kuweka nguvu, dakika ishirini za kusoma kitabu cha hadithi kila siku, hata kwenye basi, sio mwalimu wa jioni.

Pili nasema hili kwa uchungu. Mafundisho na darasani tuna ugonjwa mmoja wa kukaririsha. Mtoto anakujibu sakramenti ni nini neno kwa neno, ukimuuliza kwahiyo wewe ulipobatizwa ilitokea nini anakutazama. Na Sayansi hivyo hivyo, anakupa maana ya usanisinuru halafu hajui kwanini mchicha wa kivulini umepauka. Ile habari ya 133 na ile ya Bagamoyo nimeisoma mara mbili, nataka niwe mwalimu wa namna hiyo. Ukipata mwalimu wa hivyo kwenye hilo darasa usimhamishe mtoto hata ada ikipanda.

Tatu usingizi. Saa kumi na moja kasoro kuamka ina maana saa mbili usiku awe kitandani. Hili halina mjadala.

baba_z

Assalam aleikum na habari zenu. Mimi ni Muislamu, binti yangu yuko la tano shule ya masista, mwaka jana alikuwa la nne kama wa dada wa Kinyerezi. Nimeona nichangie kwa upande ambao hamjaufikiria.

Sisi watoto wetu toka wana miaka mitano wana shule na madrasa. Binti yangu mwaka huo huo wa upimaji alikuwa anamalizia Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kurani, Jumamosi na Jumapili asubuhi na jioni mbili za katikati ya wiki, na sikumbuki mzazi hata mmoja pale msikitini aliyesema tusimamishe kwasababu ya la nne. Anachoka ndio. Lakini anachoka anacheka, kwasababu madrasa ana marafiki zake wa mtaani ambao shule hawapo. Angalia mwanao akitoka mafundisho anatoka na uso gani, hiyo itakupa jibu kuliko sisi wote humu.

Kuhusu shule nilikuwa na wasiwasi wangu nikaenda kumwona Sista mkuu kabla sijalipa ada. Akaniambia saa sita mchana kengele ikigonga wanasimama kusali Malaika wa Bwana, mtoto wako atasimama kwa heshima na hatalazimishwa kutamka. Na ndivyo ilivyokuwa. Kipindi cha dini wetu wanakaa maktaba na mwalimu Muislamu. Kuna siku moja mwalimu mgeni alimlazimisha kufanya ishara ya msalaba, nikalalamika, likamalizwa kesho yake na mwalimu mwenyewe akaniomba radhi. Mwaka jana Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja, darasa zima ikawa nani kafunga nini, wengine wameacha soda wengine pipi, binti yangu anafunga nusu siku, wakawa wanaulizana swali ambalo sisi watu wazima tunaona aibu kuulizana, nyie mnafunga kwanini. Na mwaka huu ni hivyo tena, Majivu yenu ni 18 Februari na sisi tunasubiri mwezi siku hizo hizo.

Kwahiyo dada yangu mwambie shemeji mtoto ataweza. Ila hiyo Jumamosi ndefu kaongee na shule, wakupe ruhusa atoke saa tano apate chakula na usingizi kabla ya saa nane. Nimeomba nikapewa.

katekista_mzee

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefundisha watoto wa Komunyo kwa miaka mingi, naomba niseme mawili matatu.

Mwanangu, huyo baba asionekane mpinzani, anauliza swali la maana. Hata Kanisa lilikuwa na mazoea ya kusubiri mtoto awe mkubwa, miaka kumi na mbili au zaidi, mpaka Papa Pius wa Kumi mwaka 1910 aliposema inatosha mtoto afikie umri wa kutumia akili, kama miaka saba hivi, aweze kutofautisha mkate wa kawaida na Mwili wa Kristo kadiri ya umri wake. Kwahiyo kipimo ni hicho. Muulize binti kwa maneno yake mwenyewe, unakwenda kupokea nini? Akikujibu kitoto lakini kwa kujua, yuko tayari. Akisema nakwenda kuvaa gauni, hapo baba ana hoja. Na hilo swali amuulize baba mwenyewe, nina hakika jibu atakalopewa litamgusa.

Sheria ya mara tatu ni kwa wasiotoa taarifa. Nenda ukamwone katekista wako na ratiba ya shule mkononi, hatujakataa mtu anayekuja mapema na kueleza. Sala kwa Kiingereza Mungu anazisikia, ila misa anayosali na jumuiya yake ni ya Kiswahili, kwahiyo azijue, Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na sala ya kutubu. Na tafadhalini wazazi, sherehe. Nimeona familia inaahirisha Komunyo kwasababu ya kukosa hela ya ukumbi na keki. Gauni jeupe la kuazima linatosha kabisa. Mwaka huu sikukuu ni 7 Juni, mna muda.

mama_wa_segerea

Jamani nimelia humu ndani. Asanteni sana, na baba_z ubarikiwe, asante sana.

Nimempa mume wangu simu asome mwenyewe yote. Alikaa muda kwenye ile ya tuisheni maana alikuwa ameshaongea na mwalimu mmoja aje kuanzia wiki ijayo. Akamwita binti akamuuliza unakwenda kupokea nini. Mtoto akafikiri, akasema, "Yesu, ila anakuwa mdogo ili aingie." Baba yake hakusema kitu, akanyanyuka akaenda kufunga geti. Baadae usiku nikamsikia anampigia yule mwalimu anamwambia basi tusubiri kwanza.

Swali la maneno la Hisabati nimemjaribu, mawili kaelewa moja hapana, kwahiyo tunaanza na hadithi kwenye basi. Jumatatu naenda kwa Sista kuhusu Jumamosi.

Katekista shikamoo, nina tatizo jingine. Nimetoa cheti chake cha ubatizo ili nipeleke parokiani nakuta jina la tatu limeandikwa tofauti na cheti cha kuzaliwa, na alibatizwa Moshi tulipoenda Krismasi. Inabidi nisafiri?

katekista_mzee

Marahaba mwanangu. Angalia kwenye cheti namba ya L.B., ndiyo namba ya kitabu cha ubatizo, kitabu kipo parokia ile ile alikobatizwa na marekebisho yanafanyika kule tu. Usisafiri kwanza. Peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya ubatizo kwa paroko wako wa hapa, yeye ataandika barua kwa mwenzake, na kama una ndugu kule aifuatilie ofisini. Fanya mwezi huu huu, Kwaresima ikianza maparoko hawashikiki.